Siku Tisini za Meza ya Vifungo

Kwa maelezo ya Mama Pacha, madiwani walirushiana viatu. Alisema hivyo akiwa amesimama mlangoni kwa Fundi, ndoo ya maji kichwani, haitikisiki hata kidogo, maana Mama Pacha hata dunia ipinduke hawezi kumwaga maji kabla hajamaliza habari. Alisema kikao cha juzi kilianza kwa adabu zote, watu wakasalimiana, wakasogezeana viti, mpaka mmoja alipotamka maneno "viti vilivyo wazi." Hapo ndipo kiatu cha kwanza kiliporuka. Cheusi, cha ngozi, kina kisigino kipya. Kikampata karani begani.

"Ulikuwepo?" aliuliza Fundi bila kuinua macho kwenye suruali aliyokuwa akiifumua.

"Shemeji yangu anafagia ule ukumbi."

"Kwa hiyo alifagia na viatu?"

"Cheka tu. Mwenzako nakuletea habari za bure, wewe unanifanya kichekesho." Mama Pacha akageukia ndani, alikokuwa amekaa mke wa Fundi, yule ambaye soko zima linamwita Bi Vifungo. "Shoga, msikilize mumeo mwenyewe, mimi nasema na wewe. Wameshindwa kuelewana. Alhamisi wanakaa tena, na safari hii kata yenye kiti wazi inaruhusiwa kupeleka maoni. Sahihi mia moja, msemaji mmoja, dakika tatu. Tangazo limebandikwa getini."

Habari ya viatu hakuna aliyeiamini. Lakini habari ya tangazo ilimfanya Bi Vifungo aache kazi aliyokuwa akiifanya, ya kutenga vifungo vya matundu mawili na vya matundu manne. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, siku ya themanini na tatu.

Meza namba sabini na saba ilikuwa ya mama yake Fundi. Alikuwa akiuza nyuzi, zipu, lastiki, pini na vifungo, na nyuma ya meza, chini ya bati hilo hilo, ndipo kilipokaa cherehani cha mwanawe. Sheria ya soko inasema mwenye meza akifariki, mrithi ana siku tisini za kuleta fomu yenye sahihi tatu: yake, ya bwana soko, na ya diwani wa kata anayoishi, wa kuthibitisha kwamba huyu ni mkazi wake kweli, si mjanja aliyekuja kununua meza za marehemu. Mama alipofariki, mrithi aliyeandikwa alikuwa Bi Vifungo. Sahihi mbili zilikuwepo. Ya tatu haikuwa na mtu wa kuitia. Diwani wao alipata kazi kubwa zaidi mahali pengine, akaondoka mwaka mmoja na miezi minne iliyopita, kama mpangaji anayehama chumba na kumwachia mwenye nyumba ufunguo dirishani.

Bi Vifungo alikuwa amekwisha kuzunguka. Ofisa wa kata alimwambia, "Mimi mwajiriwa, dada, fomu inataka mchaguliwa." Diwani wa kata ya ng'ambo, ambako soko lenyewe limesimama, alimkalisha kwenye benchi tangu asubuhi mpaka benchi likamchora mapajani, kisha akamjibu akiwa anatembea: "Nikimtilia sahihi mtu wa kata nyingine, mimi ndiye nitakayekosa kiti." Wapambe wake wakacheka. Bi Vifungo naye akacheka, na kicheko hicho chake mwenyewe ndicho kilichomuuma alipofika nyumbani.

Bwana soko hakuwa mtu mbaya. Alimpa hata kigoda akae.

"Sheria siyo yangu," alisema. "Siku ya tisini nakuja na kufuli. Nina watu arobaini kwenye orodha wanasubiri meza, na wao wana watoto vilevile."

"Na kiti cha diwani, kinasubiriwa na wangapi?"

"Hilo si la soko, dada."

*

Jioni ya Jumatatu hiyo majirani walikusanyika barazani kwa Fundi kuandika barua. Walikaa kwenye ndoo zilizopinduliwa na kwenye mkeka, na mzee wa nyumba, baba yake Fundi, akawekewa kiti chenye mgongo na meza ndogo. Alikuwa amepanga herufi kwenye kiwanda cha chapa ujana wake wote, na mwandiko wake mtaa mzima unautegemea: barua za posa, barua za shule, matangazo ya vyumba vya kupanga. Akanoa penseli, akapiga mistari kwa rula, akaandika anwani. Kisha akauliza, "Tunaomba nini?"

"Diwani," alisema Fundi.

"Apatikane vipi?"

Hapo kelele zikaanza. Tangazo lilitaja njia tatu ambazo madiwani waliobaki walikuwa wakizivutania: uchaguzi mdogo, au baraza lenyewe limteue mtu, au achukuliwe aliyekuwa wa pili mara ya mwisho.

"Wa pili apewe," alisema Mama Pacha. "Aligombea naye, alitoka jasho naye."

"Alipata kura ngapi?" aliuliza Mzee.

"Mia mbili na ushei."

"Na aliyeondoka?"

"Elfu nne na kitu."

"Basi huyo wa pili hatukumchagua, Mama Pacha. Tulimkataa. Tena tulimkataa sana."

Watu wakacheka mpaka mkeka ukasogea. Mama Pacha akacheka pia, lakini akaongeza kwamba yule bwana angalau alikuwa na gari, angewahi vikao.

"Mimi sina taabu," alisema Fundi. "Wamteue hata mbuzi, mradi awe na mkono wa kushika kalamu. Wakimteua Alhamisi, Ijumaa anatia sahihi, Jumamosi tumelala. Andika, Baba. Tunaomba kiti kijazwe kwa namna yoyote."

Mzee aliweka penseli chini. Aliiweka sambamba na ukingo wa karatasi, kama alivyozoea kupanga vitu.

"Hilo siliandiki."

"Baba!"

"Ukiwaambia namna yoyote, watachagua iliyo nyepesi kwao. Watateua. Na safari ya kwanza watateua mtu mwema, nakukubalia, ili tupige makofi. Safari ya pili je? Mtu aliyewekwa na wale kumi na wanane, akiamka asubuhi anamwogopa nani? Sisi, au wao?"

"Kura inataka miezi mitatu. Daftari, kampeni, masanduku. Sisi tuna siku saba."

"Kuhesabu najua."

"Basi hesabu na meza ya mama!"

Mwanamke mmoja akajifanya anamfunga mtoto vizuri mgongoni. Mzee aliinuka, akashika mlango kidogo, akaingia ndani, na kiti chenye mgongo kikabaki mbele ya karatasi yenye anwani tu.

Bi Vifungo alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mkeka. Alimtazama mumewe, ambaye sasa alikuwa akiifuta miwani yake isiyo na vumbi. Alitazama mlango. Kisha akasogea, akakaa kwenye kile kiti, akaokota penseli. Aliishia darasa la saba na mwandiko wake ulikuwa wa duara, herufi kubwa kubwa kama za mtoto. Akaandika: *Tunaomba kiti chetu kijazwe. Namna yoyote.* Neno "yoyote" lilivuka mstari wa Mzee likashuka chini kidogo.

*

Jumanne na Jumatano alitembea na karatasi. Mtaani alipata sahihi chache kwa sababu mchana watu hawako majumbani. Lakini zaidi ya nusu ya soko wanaishi kata yao, kwa hiyo akahamia sokoni, meza hadi meza, huku Fundi akimshikia biashara na kuuza zipu fupi kwa bei ya ndefu.

Sokoni watu wanajuana kwa namba. Ni mazoea ya miaka. Mtu atakwambia, "Arobaini na mbili amejifungua," au "Nenda kwa Kumi na Tisa, anakuuliza," na namba hizo zina uso, zina sauti, zina madeni na ndoa. Daftari la bwana soko nalo liko hivyo hivyo: sahihi, kisha namba. Basi kila aliyepewa karatasi alitia sahihi na kuandika kama mkono ulivyozoea. Meza 32. Meza 114. Meza 8. Bi Vifungo aliisoma orodha kila baada ya safu na hakuona kasoro yoyote, maana hata yeye, wa kwanza kabisa juu, alikuwa ameandika Meza 77.

"Hii kweli itafika?" aliuliza muuza ndala wa Kumi na Tisa, akilamba kidole chenye wino.

"Nitaipeleka mwenyewe."

"Ukifika waambie na choo cha soko. Ukishapata dakika tatu, choo kinaingia humo humo."

Jumatano jua likielekea kushuka alikuwa na sahihi mia moja na nne. Mzee alikuwa uani akipiga pasi shati lake jeupe. Bi Vifungo akasimama pembeni, karatasi nyuma ya mgongo.

"Sikuja kukubembeleza, Baba."

"Najua, mwanangu. Ungekuja kunibembeleza ungekuja na chai."

Akacheka kidogo. Mzee aligeuza ukosi, akaupiga pasi upande wa pili.

"Unaniona mbaya?"

"Nakuona una haki. Hiyo ndiyo inayonichosha."

"Marehemu alikaa pale miaka thelathini na moja," alisema Mzee. "Mimi kiwanda kilipofungwa, meza ile ndiyo iliyoninunulia shati hili. Nimekaa tangu juzi naulazimisha mkono. Mkono haukubali."

"Wangu ulikubali kabla sijauuliza."

Mzee alimtazama. Akatundika shati kwenye msumari, akachomoa pasi, akazungusha waya wake taratibu. "Kesho nakuja na wewe," alisema. "Kusikiliza hakutaki sahihi."

*

Getini pa jumba la jiji mlinzi aliwapanga mstari, akawapitishia kifaa mwilini. Kwa Bi Vifungo kifaa kililia.

"Una nini?"

"Sina kitu."

Kikalia tena, shingoni. Alikuwa amesahau. Kwenye ukosi wa gauni lake, upande wa ndani, zilichomekwa pini sita na sindano mbili, kama kila siku ya maisha yake ya kazi.

"Silaha hizi," alisema mlinzi kwa sauti ya kusikika nyuma kabisa.

"Ni sindano za kushonea, baba."

"Kwako za kushonea. Kwa mheshimiwa sijui. Toa zote."

Akazichomoa moja moja, watu wakingoja, mtu mmoja nyuma akisonya. Mlinzi akazipokea kwenye kifuniko cha soda. Fundi alitaka kusema neno, baba yake akamkanyaga mguu.

Karani aliwapokea kwenye meza iliyo nje ya mlango wa ukumbi. Alikuwa kijana msafi, na begani hapakuwa na alama ya kiatu chochote. Alihesabu sahihi kwa ncha ya penseli, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu penseli ikasimama.

"Meza 32 ni nini?"

"Ni mtu. Anauza mabeseni."

"Anaishi wapi?"

"Karibu na kwetu. Nyumba ya tatu toka bombani."

"Sasa mbona ameandika meza? Mama, meza haina kata. Ikiwa nayo, soko liko kata ya ng'ambo, na kata ya ng'ambo ina diwani." Akaanza kukata majina kwa mikwaju ya penseli, mmoja baada ya mwingine, wala si kwa hasira, kama mtu anayechambua maharage. "Hapa nina wakazi arobaini na watatu. Hao wengine sitini na mmoja ni soko."

"Ni watu wale wale!" alisema Fundi.

"Nakuamini, kaka. Karatasi ndiyo isiyokuamini."

Bi Vifungo alitazama jina lake juu kabisa, Meza 77, lina mkwaju. Alihisi moto ukimpanda usoni, akatamani karani amtukane ili apate pa kuupeleka. Karani hakumtukana. Alimsogezea karatasi akamwambia kwa upole kwamba maoni ya kata yamekataliwa, lakini mwenyekiti huwa anamruhusu mwananchi mmoja aseme kwa hisani tu. Dakika tatu zilezile. Kama anataka.

"Anataka," alisema Mzee.

*

Ukumbi ulikuwa na viti ishirini na moja vya rangi ya kahawia vilivyopangwa nusu duara. Vitatu vilikuwa wazi siku zote, na mbele yake vibao vya majina vilikuwa vimelazwa kifudifudi. Siku hiyo madiwani waliofika walikuwa kumi na mmoja. Walizungumza juu ya viti wazi kwa saa nzima. Mmoja alisema uchaguzi ni gharama. Mwingine akasema kuteua ni kunyang'anya. Wa tatu akasema wenzake wote wawili wamesema vizuri sana. Diwani wa ng'ambo alikuwa na simu mbili na alizitazama kwa zamu.

Bi Vifungo alipoitwa alikwenda kwenye kipaza sauti kilichokuwa kirefu kuliko yeye. Hakuna aliyekishusha. Akainua kidevu. Karatasi yenye mikwaju alikuwa nayo mkononi, na alikuwa amejiandaa kuanza na maneno yake mwenyewe, yale mawili ya mwisho. Akayatazama. Akaikunja karatasi mara nne.

"Mimi nauza vifungo na nyuzi," alisema, na sauti yake kutoka kwenye spika ikamshtua. "Meza ikikaa bila mwenyewe siku tisini, inapewa mtu mwingine. Sheria hiyo mliipitisha ninyi, humu. Siilalamikii. Wapo watu arobaini wanaisubiri meza yangu, na mimi ningekuwa wao ningeitaka. Lakini kiti chetu kina mwaka na miezi minne. Hakuna aliyekuja na kufuli."

Mtu fulani alicheka, akaacha.

"Nilikuja kuwaomba mkijaze namna yoyote. Naliondoa hilo." Kule nyuma benchi lililia, Fundi alikuwa ameinuka nusu. Mke wake hakugeuka. "Akiwekwa na ninyi, nitakapokwenda kwake na shida atanitazama kama nilivyotazamwa getini kwenu. Tupeni kura. Ikichukua miezi mitatu, ichukue. Ila siku hizo msituhesabie sisi. Si meza yangu tu. Kila karatasi ya kata yetu inayongoja sahihi ya diwani, siku zake zisimame mpaka diwani apatikane. Kama kwenu saa imesimama, na kwetu isimame. Hilo ndilo ombi langu. Naomba mnijibu leo, kwa sababu leo ni siku ya themanini na sita."

Mwenyekiti aliondoa mkono shavuni. Diwani mmoja mama mtu mzima, mstari wa mbele, akaandika kitu, akamnong'oneza jirani yake, na jirani akaitikia kwa kichwa. "Linawezekana," alisikika akisema. "Hilo halihitaji hata fedha." Bi Vifungo alimwona Mzee, mgongo umenyooka ndani ya shati jeupe, amekishika kiganja cha Fundi kama mtu anayemzuia mtoto asivuke barabara.

Ndipo simu moja ya diwani wa ng'ambo ilipolia. Aliifunika kwa kiganja, akainama inama, akatoka.

"Mwenyekiti," alisema diwani aliyekuwa ameona uchaguzi ni gharama, bila kuinuka. "Tuko wangapi?"

Mwenyekiti alikunja uso. Karani akahesabu kwa penseli hewani. "Kumi."

"Kanuni inataka zaidi ya nusu. Kumi na mmoja. Chini ya hapo hatuwezi kuamua hata kufungua dirisha."

"Lakini madiwani wenyewe tuko kumi na wanane tu!" alisema yule mama wa mstari wa mbele. "Vile vitatu havina watu!"

"Kanuni inahesabu viti, mheshimiwa. Haihesabu watu."

"Basi mwiteni huyo aliyetoka, yuko hapo nje!"

Mtu alitumwa. Akarudi akasema gari lake limeshaondoka.

Mwenyekiti alipumua kwa pua. Akasema kikao kimeahirishwa kwa kukosa idadi, hadi wiki mbili zijazo, siku kama ya leo. Taa nyekundu ya kipaza sauti ikazimika. Viti vikasukumwa, mafaili yakafungwa, watu wakaanza kuulizana nani anapitia njia ya kituo cha mafuta.

"Na ombi langu?" aliuliza Bi Vifungo, lakini kipaza sauti kilikuwa kimekufa, na sauti yake bila spika ilikuwa ndogo kama alivyoijua siku zote.

Alitoka pale aliposimama, akapita katikati ya nusu duara ambako wananchi hawaruhusiwi kupita, akafika kwenye meza ya karani.

"Umeandika?"

"Kikao kikikosa idadi hakina kumbukumbu, mama. Kila kilichosemwa kinahesabika hakikusemwa."

"Nilisema. Ulinisikia."

"Nilikusikia."

"Basi andika tu kwamba niliuliza. Pembeni. Hata kwa penseli."

Karani alikuwa na penseli mkononi, na daftari lilikuwa bado wazi. Akainua macho kwa mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa ameinama chini ya meza yake akitafuta waya wa kuchajia simu, na alikuwa akiutafuta kwa utulivu mkubwa, kama mtu asiye na haraka ya kuuona.

"Kwa penseli tu," alisema Bi Vifungo.